Isafiri damu, mtoto abaki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wenzake wa TAMISEMI, kwa waganga wakuu wa mikoa ya Kanda ya Ziwa na waganga wafawidhi wa hospitali zao.

YAH: KIPIMO CHA KUGANDA KWA DAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, hesabu na sayansi. Nimezaliwa Ukerewe. Barua za serikali nimeandika nyingi: za kuomba madawati, za kuomba uhamisho, za kukumbushia barua nilizokwisha kuandika. Najua zinavyosomwa: kichwa, aya ya kwanza, muhuri. Kwa hiyo ombi langu naliweka hapa juu mapema. Mtoto anayetokwa na damu isiyokoma akifikishwa hospitali yoyote ya mkoa katika kanda hii, siku yoyote ya juma, damu yake ipimwe siku hiyohiyo inachukua muda gani kuganda. Na kipimo kinachofuata kikizidi uwezo wa hospitali hiyo, kisafirishwe kichupa cha plazma, yale majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe, si mtoto. Yanayofuata ni maelezo tu, lakini naomba myasome.

Nianze na kaka yangu, maana ndipo mambo yalipoanzia, ingawa wakati huo hakuna aliyejua kuwa kuna kitu kimeanza. Alikuwa na miaka minne, ana kikohozi kisichoisha, akapelekwa kukatwa kimeo. Mzee aliyemkata aliheshimika kijiji kizima na alikuwa amewakata watoto wengi bila neno. Damu ilitoka kidogokidogo usiku kucha, naye akawa anaimeza. Alfajiri akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Mitumbwi ya dagaa ilirudi ufukweni ikamkuta ameshafunikwa shuka. Maneno yaliyofuata mnayajua nyote mliokulia huku. Shangazi yetu mmoja alitajwa, na kabla ya arobaini akawa amehama kijiji. Hakurudi tena hadi alipokufa.

Miaka mingi baadaye nikapata mtoto wa kiume. Alipoanza kutambaa, magoti yakawa na michubuko ya bluu, kliniki muuguzi akamgeuza huku na huku, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu mnampiga?" Alipoanza kutembea viungo vikawa vinavimba. Huku kwetu mtoto mwenye viungo vinavyovimba ni selimundu mpaka ithibitike vinginevyo, na siwalaumu, selimundu ni nyingi kanda hii. Alipimwa mara mbili, hana. Alipofika miaka minne alianguka akachana mdomo kwa ndani, pale juu ya meno, akatokwa na damu siku tatu. Inakoma, inaanza. Inakoma, tunasema afadhali, inaanza.

Hospitali tuliyokwenda (sitaitaja, na nilizokwenda baadaye sitazitaja) walimfanyia kipimo. Nakikumbuka vizuri kwa sababu nilimpakata mwenyewe. Walimchoma ndewe ya sikio, kisha kijana wa maabara akawa anagusisha karatasi ya kunyonyea kwenye tone la damu kila baada ya nusu dakika. Alama nyekundu zikawa zinapungua ukubwa, kama mwezi unavyomalizika, na dakika ya nne karatasi ikatoka safi. Akaandika kwenye fomu: kawaida.

Sasa najua kwa nini ilikuwa kawaida, na nitawaeleza kwa mfano wa hapahapa ziwani. Fundi wa mitumbwi akikuta ufa anafanya mambo mawili. Kwanza anaukandamizia pamba. Kisha juu ya pamba anapaka lami, ndiyo inayoishika ibaki mahali pake. Mwili nao hufanya hivyo: chembe sahani za damu ndizo pamba, hukimbilia kwenye kidonda na kukiziba kwa dakika chache. Halafu protini zinazoitwa vigandishi, zenye namba zake, huamshana moja baada ya nyingine mpaka zitengeneze utando wa kushikilia kizibo. Upo ugonjwa unaoitwa himofilia, wa kurithi, ambao kwa kawaida mama huubeba na mtoto wa kiume ndiye huugua. Mtoto wa himofilia pamba anayo. Lami ndiyo hana. Ndiyo maana damu yake hukoma, kisha saa kadhaa baadaye huanza upya, na ndiyo maana kipimo cha sikio, ambacho kinapima pamba tu, humwambia mama kwamba mwanawe ni mzima.

Neno hilo "kawaida" lilikaa kwenye faili miaka sita. Alipofika miaka kumi, watu wa tohara ya kitabibu walikuja shuleni kwetu. Tohara hiyo naiunga mkono. Hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU kwa karibu asilimia 60, na wanangu wa darasani nimewapanga mstari mimi mwenyewe. Fomu ya ridhaa niliisaini mimi. Kulikuwa na swali: je, mtoto ana tatizo la kutokwa na damu? Nikaandika hapana. Ningeandika nini tena? Hospitali ilishaniambia.

Alitokwa na damu siku nne. Kilichomwokoa kwanza ni damu ya kuongezewa, na wachangiaji wake siwajui ila nawaombea. Cha pili ni mama mmoja muuguzi, mtu mzima, karibu ya kustaafu, aliyekaa pembeni ya kitanda akauliza jambo ambalo kwa miaka kumi hakuna aliyeliuliza: "Kwenu, upande wako wewe mama, kuna mtoto wa kiume aliyewahi kufa kwa damu?" Swali lile halina gharama yoyote. Nilimtazama tu, nikaanza kulia kwa ajili ya kaka yangu, nikiwa na umri wa miaka 38.

Hapo ndipo tulipoanza kukitafuta kipimo chenyewe. Watu wa maabara wanakiita PT na APTT, viwili vinavyokwenda pamoja. Si maajabu. Damu hutiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu, ndani kuna sitreti inayoizuia isigande. Huzungushwa kwenye mashine plazma ikatengana na chembe. Plazma hupashwa joto la mwili, nyuzi 37, ikaongezwa kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, na kalsiamu, halafu sekunde zinahesabiwa. Kwenye himofilia PT huwa sawa na APTT hurefuka. Palipo na mashine inafanya yenyewe. Pasipo na mashine, mtu aliyefundishwa anaweza kuifanya kwa mkono, na bakuli la maji ya moto yanayodhibitiwa joto, vijaribio vya kioo na saa ya kuhesabia sekunde. Inahitaji umakini kuliko fedha. Nasisitiza hili kwa sababu kila nilipouliza niliambiwa kuhusu bei ya mashine.

Mara ya kwanza tuliambiwa vitendanishi vimeisha, turudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata pia.

Mara ya tatu, hospitali nyingine, damu ilichukuliwa wodini, ikajazwa nusu ya kichupa kwa sababu mtoto alikuwa analia na mshipa ukapotea, ikawekwa kwenye kibebeo chenye barafu kama chanjo, ikafika maabara baada ya muda mrefu. Mteknolojia aliyeipokea aliikataa. Nilimkasirikia sana, nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Akanivumilia, akanitoa nje, akanifundisha kwenye benchi. Kichupa kile, akasema, kinahitaji mililita 2.7 za damu kwa 0.3 za sitreti, tisa kwa moja, kuna mstari umechorwa. Damu ikipungua, sitreti inakuwa nyingi mno na sekunde zinarefuka zenyewe hata kwa mtu mzima wa afya. Damu ambayo haijazungushwa haiwekwi kwenye barafu, inakaa joto la kawaida la chumba, kivulini. Na APTT isipite saa nne tangu mshipa utobolewe. "Nikiipima hii," akasema, "nitakupa namba, na namba itakuwa ya uongo." Kwangu mimi mtu yule ndiye mfano wa mtumishi wa umma. Niliishi miaka sita na jibu la uongo, najua alichoniepusha.

Damu ikachukuliwa upya, na safari hii aliichukua mwenyewe. PT sekunde 12. APTT sekunde 98, wakati ya mtu aliyelinganishwa naye siku ile ilikuwa 32. Akachanganya plazma ya mwanangu na plazma ya mtu asiye na ugonjwa, nusu kwa nusu, akarudia: ikashuka karibu na kawaida. Maana yake kuna kitu kimepungua na si kwamba kuna kitu kinazuia. Kipi kimepungua? Hapo akaweka kalamu chini. Kupima kigandishi kimojakimoja, akasema, ni Dar.

Waheshimiwa, naomba tukae kidogo kwenye hili basi.

Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Tulipanda alfajiri. Nzega bado anacheka, anahesabu malori. Singida akaacha kula. Alikuwa hajajigonga popote, ni kule kukaa, kutikisika, kushuka kuchimba dawa na kupanda tena. Tulipofika Dodoma goti la kushoto lilikuwa kubwa kama papai dogo, la moto, linang'aa, na amelikunja hataki liguswe. Abiria mmoja alimpa nafasi ya kunyoosha mguu, lakini haukunyooka. Usiku Morogoro alikuwa ameacha kulia, anatetemeka tu. Huko Dar, baada ya kumtuliza, walichukua walichokuwa wanakihitaji kutoka kwake. Mililita 2.7. Jibu likaja: kigandishi cha 8, chini ya asilimia 1. Himofilia A, kali.

Goti lile ni miaka mitatu sasa na halijanyooka sawasawa. Ugonjwa haukulifanya hivyo peke yake. Safari ya kwenda kuupa ugonjwa jina nayo ilichangia. Mtu mzima mwenye akili zake, tena serikali yenye majokofu, akiwa na vitu viwili, kichupa cha vijiko vichache vya majimaji na mtoto mwenye goti bovu, akaambiwa kimoja lazima kisafiri kilomita elfu, atachagua kipi?

Na plazma husafiri. Ikishazungushwa vizuri na kutengwa, ikagandishwa, inakaa kwenye friza la nyuzi hasi 20 hadi wiki mbili, na kwenye la hasi 70 miezi kadhaa, mradi tu isiyeyuke njiani. Msiniambie hatuna utaratibu. Sampuli za makohozi ya kifua kikuu na za kupima wingi wa VVU zinatoka zahanati kila wiki juu ya pikipiki, zinafika, na majibu yanarudi. Mwaka 2018 kampuni ya DHL na washirika wake wa Ujerumani walirusha ndege isiyo na rubani kutoka Mwanza hadi kisiwani kwetu Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, imebeba dawa. Wazee waliacha nyavu wakaja kuitazama. Yale yalikuwa majaribio na yaliisha, sawa. Mimi siombi kitu kinachoruka. Naomba boksi, barafu kavu, fomu, na mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu anayejua kwamba boksi la Jumanne ni lake.

Kwa nini jina la kigandishi ni muhimu hivyo, wakati damu ni damu? Kwa sababu dawa zinatofautiana. Himofilia A ni upungufu wa cha 8, B ni wa cha 9. Kwa nje watoto wanafanana, na hata PT na APTT zao zinafanana. Mazao ya damu yanayoitwa kriyo, ambayo benki ya damu inaweza kuyatengeneza, yana cha 8. Cha 9 hakimo. Mtoto wa B akipewa kriyo mmemwongezea hatari ya kupewa damu bila kumtibu. Na vigandishi vya msaada kutoka Shirikisho la Himofilia Duniani haviwezi kuombewa mtoto ambaye ugonjwa wake hauna jina.

Tena hatuko wachache kama tunavyoonekana. Himofilia A humpata takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya 5,000 wanaozaliwa, kila taifa, kila kabila. Sensa ya 2022 iliikuta Mwanza na watu karibu milioni 3.7. Gawanya kwa mbili, gawanya kwa 5,000; wanangu wa darasa la sita wanaifanya bila kalamu. Ingepaswa kuwa zaidi ya 300, mkoa mmoja tu, bado Geita, Simiyu, Mara, Kagera na Shinyanga. Wapo wapi? Wengine wako kwenye kaburi kama la kaka yangu. Wengine wanachechemea, wanaitwa wavivu wa jembe. Na takriban theluthi moja ya wagonjwa wanatoka familia ambazo hazijawahi kuwa na historia yoyote, kwa hiyo hata lile swali zuri la muuguzi wangu haliwezi kuwanasa wote bila maabara.

Niseme na la wasichana, maana himofilia imewafunika. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi unaopata jinsia zote, wa protini inayosaidia chembe sahani kushika kwenye kidonda. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1926 na daktari wa Finland, Erik von Willebrand, kwa familia ya visiwa vya Åland. Binti aliyemfanya auchunguze alifariki kwa hedhi yake ya nne. Nikisoma hayo nawafikiria mabinti wa darasani kwangu wanaokosa shule siku saba kila mwezi na kurudi weupe midomo, wakiambiwa ndivyo wanawake walivyo. Hawa APTT yao inaweza kutoka sawa kabisa. Wanahitaji kipimo chao, na plazma yao inaweza kupanda boksi lilelile.

Kuna jambo huwa linanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa, upande huu wetu wa Mwanza, akaliona, akalipa jina la malkia wake. Sisi tulikuwa na letu, Nyanza, lakini haya. Malkia Victoria alikuwa mbeba vinasaba vya himofilia, kama mimi. Mwanawe Leopold, aliyezaliwa 1853, alikuwa nayo. Mwaka 1884 aliteleza akaumia goti, akafa akiwa na miaka 30. Kitukuu cha malkia, mrithi wa ufalme wa Urusi, alikuwa nayo pia, akauawa pamoja na familia yake 1918. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mabaki ya mifupa ya familia ile wakathibitisha ni aina B. Mtoto aliyekufa miaka 91 nyuma amepimwa, imejulikana mpaka aina. Kaka yangu alikufa kando ya ziwa lenye jina la bibi yule, na shangazi yangu akaitwa mchawi.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, wahasibu mnajua kuliko mimi. Vitendanishi vya kuganda kwa damu viwe na mstari wake kwenye maoteo ya kila robo mwaka, visisubiri mfadhili akumbuke. Vichupa vya bluu viende mpaka hospitali za wilaya na visiwani, na muda wake wa matumizi uangaliwe, kwa sababu vinaisha kimyakimya kabatini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshapita. Kwenye kitita, naomba vipimo hivi visiwe vya kubembeleza dirishani. Na timu za tohara: mzazi akiandika "hapana", aulizwe tena kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani, habari za wajomba wa mtoto.

Namaliza na jambo la mwezi huu. Mdogo wangu wa mwisho yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, ana mimba ya miezi minane, na wamemwambia ni wa kiume. Hajapimwa kama anabeba. Uwezekano wa yeye kubeba ni nusu, na akiwa anabeba, uwezekano wa mtoto kupata ni nusu. Nusu ya nusu, mmoja kati ya wanne. Kigandishi cha 8 cha mtoto mchanga huwa tayari na kiwango chake siku anayozaliwa, kwa hiyo damu ya kitovu, ile inayotupwa na kondo, inatosha kujibu kabla mtoto hajachomwa sindano yoyote ya msuli. Meli kutoka Nansio hadi Mwanza huchukua saa tatu na zaidi, na kuna kupakia na kushusha, hivyo saa nne haziwezi kutosha. Lazima izungushwe kisiwani, igandishwe kisiwani.

Kichupa cha bluu ninacho, nimekinunua mwenyewe, kiko kwenye mkoba wangu pamoja na chaki. Muda wake unaisha mwezi wa tisa. Naomba kujibiwa, kwa barua au kwa simu, ni nani hospitalini Nansio atakipokea siku hiyo, na boksi litaondoka kwa meli ya saa ngapi.

Nawasilisha.

Mwalimu, mama wa mtoto wa kigandishi cha 8
Ilemela, Mwanza